Rejista, Diski na Foleni: Takwimu za Malaria Kutoka Nagongera Hadi Kwenye Seva

Rejista ya wagonjwa wa nje ni kitabu kikubwa chenye kurasa pana zilizopigwa mistari. Katika kituo cha afya cha Nagongera, kama ilivyo katika vituo vingine vya serikali ya Uganda, kila mgonjwa hupewa mstari wake: tarehe, jina, umri, jinsia, kijiji, kipimo, ugonjwa, dawa. Mpangilio ni ule wa kufika tu. Aliyewahi yuko juu, aliyechelewa yuko chini, na ukurasa ukijaa unafunuliwa mwingine. Kuandika kwa namna hii ni kwepesi. Ugumu unaanza pale mtu anapotaka kusoma. Akiulizwa ni watoto wangapi wa kijiji fulani waliokutwa na vimelea vya malaria kwa miaka mitatu, karani hana budi kufunua kurasa zote, kwa sababu mistari ya kijiji hicho imetawanyika kitabu kizima.

Tofauti hiyo, ya kuandika mfululizo na kusoma kwa kurukaruka, iliifuata rejista mpaka ndani ya kompyuta. Matatizo mengi ya kasi yaliyowasumbua mafundi wa seva katika Afrika Mashariki, kama kwingineko, yametokana nayo.

Nagongera yenyewe ni mji mdogo wa Wilaya ya Tororo, katika nchi ya Wapadhola, kwenye reli inayoingia Uganda kwa Malaba na kuelekea Jinja. Reli ilifika sehemu hizo katika miaka ya 1920, na mwaka 1931, daraja la Jinja lilipokamilika, garimoshi likafika Kampala. Wenyeji wanaujua mji huu kwa seminari yake ya Mtakatifu Pio wa Kumi na kwa chuo cha ualimu ambacho sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Watafiti wa malaria wanaujua kwa mbu wake. Mwaka 2011 mradi wa PRISM, unaowaunganisha watafiti wa Kampala na wenzao wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, uliandikisha kaya 100 hapa, 100 Walukuba pembeni mwa Jinja, na 100 Kihihi katika pembe ya kusini-magharibi. Kila mwezi mtego wa taa ulitundikwa usiku mmoja katika kila nyumba, mbu wakahesabiwa na kupimwa. Ilionekana kwamba mkazi wa Nagongera alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 310 kwa mwaka. Wa Kihihi mara 32. Wa Walukuba chini ya mara 3. Upuliziaji wa dawa ukutani ulipoanza Tororo mwishoni mwa 2014, namba ya Nagongera iliporomoka. Kuanzia mwaka 2020 utafiti ukageukia kaya za mpakani, za Tororo na Busia, wilaya mbili jirani ambazo moja ilipuliziwa dawa na nyingine haikupuliziwa.

Namba kama 310 haiokotwi njiani. Ni zao la maelfu ya mistari iliyoandikwa kwa mkono, ikaingizwa kwenye kompyuta, ikasafirishwa, ikahifadhiwa, ikasomwa tena na tena. Katika kila hatua ya safari hiyo pana mahali ambapo data hukwama.

Katika zama za karatasi mahali hapo palionekana kwa macho. Mfumo wa taifa wa taarifa za afya, unaojulikana kwa herufi HMIS, ulipangwa upya katika miaka ya 1990, na ndani yake kila kituo kilipaswa kujumlisha rejista yake mwisho wa mwezi. Karani alipiga vistari vya tano tano kwenye karatasi ya hesabu, akahamishia jumla kwenye fomu namba 105, na fomu ikapelekwa wilayani. Mara nyingi ilibebwa na boda boda, usafiri uliozaliwa papo hapo kwenye mpaka wa Busia na Malaba, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Fomu ikichelewa, sababu ilijulikana: mvua imeharibu njia, karani anaugua, au fomu zenyewe zimekwisha. Afisa wa wilaya aliweza kuhesabu bahasha zilizofika na zilizobaki. Hakuhitaji chombo chochote cha kupimia. Mwaka 2011 ilipatikana njia ya mkato, mfumo wa mTrac, ambao vituo hutumia kutuma taarifa za kila wiki kwa ujumbe mfupi wa simu, lakini fomu ya mwezi na rejista nyuma yake hazikuondoka.

Nagongera ilitangulia kidogo. Mradi wa ufuatiliaji wa malaria wa Uganda, UMSP, ulioanzishwa mwaka 2001, ulianza mwaka 2006 kuvifanya vituo kadhaa vya serikali kuwa vya mfano, na Nagongera kikawa kimojawapo. Katika vituo hivyo haikutosha kutuma jumla ya mwezi. Kila mgonjwa wa nje, pamoja na jibu lake la maabara, aliingizwa kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Kwa mtazamo wa diski, kazi hiyo ni kubwa mara nyingi zaidi ya kuhifadhi jumla, na ndiyo inayoibua suala la kasi.

Mwaka huohuo Uganda ilikuwa na tatizo jingine. Kina cha Ziwa Viktoria kilishuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa maji, umeme ukawa wa mgao. Tororo, ambako nyaya za Owen Falls zilipita kupeleka umeme Kenya tangu mwaka 1958, haikusalimika. Kwa kompyuta, kukatika ghafla kwa umeme ni jambo baya kuliko kukosa umeme kabisa. Kuandika faili si tendo moja: data huwekwa mahali pake, orodha ya nafasi tupu hurekebishwa, ukubwa wa faili hubadilishwa, jina huingizwa kwenye folda. Umeme ukikatika katikati, nusu ya kazi imefanyika na nusu haijafanyika. Mfumo wa mafaili wa ext2, uliotawala mashine za Linux kuanzia mwaka 1993, haukuwa na njia ya kujua ni nusu ipi, kwa hiyo mashine ilipowaka ililazimika kukagua diski nzima. Diski ikiwa kubwa, ukaguzi ulikula saa nzima na zaidi. Mashine za Windows zenye mafaili ya mtindo wa FAT zilikuwa na udhaifu uleule. Palipokatika umeme mara mbili kwa siku, wafanyakazi walisema kompyuta ni nzito asubuhi, na fundi aliyeletwa kuitazama saa nane mchana aliikuta haina neno.

Dawa ilikuwa shajara. NTFS ya Windows ilikuwa nayo tangu mwaka 1993, na Linux iliipata rasmi mwaka 2001 kupitia ext3, kazi ya Stephen Tweedie. Mfumo wenye shajara huandika kwanza nia yake mahali pamoja, kisha ndipo hufanya kazi yenyewe. Umeme ukikatika, husomwa shajara peke yake na mambo yakarekebishwa kwa sekunde chache. Lakini usalama huo una gharama yake, nayo ni muda. Hifadhidata inayojali data yake haiendelei mpaka diski ithibitishe kwamba maandishi yamefika, na kila uthibitisho ni kungoja. Fundi asiyelijua hilo hushawishika kuzima uthibitisho ili seva iende mbio. Itakwenda mbio kweli, mpaka umeme utakapokatika.

Kwa nini diski ingoje kiasi hicho ni swali lenye historia ndefu kuliko kompyuta za Uganda. Diski ya kwanza kuuzwa kibiashara ilikuwa ya IBM, mwaka 1956, katika mashine iitwayo RAMAC: sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, zikihifadhi herufi milioni 5 tu. Mkono wa kusomea ulichukua karibu sekunde 0.6 kufikia mahali palipotakiwa. Miaka hamsini baadaye nafasi ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara laki moja, ilhali mwendo wa mkono ulikuwa umeongezeka mara makumi kadhaa tu, kwa maana kipande cha chuma kinachokwenda na kurudi kina mipaka yake. Diski ya kawaida ya mwaka 2006 ilizunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani data inayotakiwa iko nusu mzunguko mbali, ambayo ni milisekunde 4 na kitu, na mkono nao unahitaji milisekunde 8 au 9 kufika. Jumla ni milisekunde 12 hivi au 13. Diski kama hiyo inaweza kuhudumia maombi yapatayo 80 kwa sekunde, ikiwa yametawanyika.

Hapo hesabu ya rejista hujirudia kwa namba. Tuseme ripoti inahitaji mistari 40,000 ya wagonjwa, kila mmoja wa herufi 200. Ikiwa mistari hiyo imepangwa mfululizo, ni megabaiti 8 tu, na diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde huimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Ikiwa imetawanyika, na kila mstari unataka safari yake, ni sekunde 500, zaidi ya dakika nane. Diski ni ileile, mistari ni ileile, na hakuna kilichoharibika. Mtu anayelalamika kwamba seva imekufa na mtu anayesema seva ni nzima wote wana haki.

Waliolitambua hili kwa vipimo walikuwa Marshall Kirk McKusick na wenzake wa Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, waliochapisha matokeo yao mwaka 1984. Walichukua mfumo wa mafaili wa Unix wa zamani na kuonyesha kwamba ulitumia takriban asilimia 2 tu ya uwezo wa diski. Zaidi ya hapo, uchovu wake uliongezeka kwa kutumika: ukiwa umeundwa karibuni, mfumo huo wa zamani ulisoma kilobaiti 175 kwa sekunde, na baada ya wiki chache za matumizi ya kawaida ukashuka hadi 30, kwa sababu orodha ya nafasi tupu ilikuwa imevurugika na kila faili jipya lilitawanywa huku na huku. Mfumo wao mpya ulikusanya vipande vya faili moja karibu karibu, ukafikia hadi asilimia 47. Uliweka pia sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza hadi leo: sehemu fulani ya diski, wakati huo kama asilimia 10, ibaki tupu, la sivyo hakuna nafasi ya kupanga. Ndiyo maana seva inayokaribia kujaa huanza kulemea kabla ya kujaa. Mifumo ya ukoo wa ext huweka akiba ya asilimia 5 kwa msimamizi wa mashine.

Vyombo vya kupimia vilikuwapo mapema. Amri ya iostat ilionekana katika Unix toleo la sita, mwaka 1975, nayo bado ndiyo ya kwanza kuandikwa na fundi anayeshuku diski. Huonyesha maombi yanayofika kwa sekunde, muda ambao kila ombi hungoja, urefu wa foleni, na asilimia ya muda ambao diski ilikuwa kazini. Ina mtego mmoja wa kudumu: jibu lake la kwanza ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa. Seva iliyowaka miezi mitatu huonekana tulivu katika jibu hilo hata kama wakati huohuo inawaka moto. Ni la pili na yanayofuata ndiyo ya kuangaliwa.

Kuisoma foleni vizuri kulihitaji hisabati iliyotoka nje ya kompyuta kabisa. Mdenmarki Agner Krarup Erlang alianza kuhesabu foleni za simu za Copenhagen mwaka 1909, na mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni ambayo inatumika popote watu au vitu vinapopanga mstari: idadi ya wanaongoja ni sawa na kasi ya kufika mara muda ambao kila mmoja hukaa. Kituo cha afya kinachopokea wagonjwa 20 kwa saa, kila mmoja akikaa saa tatu tangu kufika hadi kupata dawa, kitakuwa na watu 60 kwenye mabenchi wakati wowote, hata daktari awe hodari namna gani. Diski inayopokea maombi 80 kwa sekunde, kila moja likikaa nusu sekunde, ina maombi 40 mlangoni. Na foleni haikui sawia na kazi. Pale maombi yanapofika ovyo, diski iliyo kazini nusu ya muda hufanya kila ombi likae mara mbili ya muda wa huduma. Ikiwa kazini asilimia 90, mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Hii ndiyo sababu seva inayobeba mzigo wake vizuri kwa mwaka mzima huanguka ghafla kwa nyongeza ndogo tu, na wasimamizi wakaanza kutafuta mkosaji wa siku hiyo ilhali mzigo umekuwa ukipanda polepole muda wote.

Kwa Uganda na Kenya nyongeza haikuwa ndogo. Programu ya DHIS2, ya kukusanyia takwimu za afya, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ikiwa mrithi wa ile iliyoanzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuisha. Kenya iliijaribu mkoani Pwani na kuieneza nchi nzima mwaka 2011. Uganda iliieneza mwaka 2012. Kabla ya hapo, takwimu za kila wilaya zilikaa katika kompyuta ya wilaya, na uzito wake ulikuwa shida ya wilaya hiyo peke yake. Sasa seva moja ilibeba nchi. Kenya iliamua mapema kukodi seva ya ng'ambo badala ya kutegemea chumba cha wizara na mtandao wake. Kwa karani wa Tororo au wa Busia upande wa Kenya, maana yake ilikuwa kwamba fomu aliyoiingiza katikati ya mwezi iligombea diski moja na fomu za wilaya zote, kwa kuwa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni moja kwa wote.

Mabadiliko haya yalikuja miaka miwili mitatu baada ya mengine ambayo yaliwachanganya mafundi. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya eneo hili ilipita kwenye setilaiti. Ishara inayopanda kwenye setilaiti ya mbali na kushuka, kisha kurudi, hupoteza zaidi ya nusu sekunde kwa kila safari ya kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi. Katika hali hiyo hakuna aliyeweza kuhisi kama diski ya seva ilichelewa sekunde moja. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi kutoka pwani ya Kenya na Tanzania, TEAMS ikafuata mwaka huohuo, EASSy mwaka 2010, na nyuzi za mwanga zikaletwa kutoka Mombasa na Nairobi, zikavuka mpaka hukohuko Malaba na Busia. Muda wa njiani ulipopungua, ucheleweshaji wa diski ukabaki wazi. Hata hivyo mazoea ya kulaumu mtandao yalikuwa yamekita mizizi. Makarani waliendelea kusema hakuna network, na fundi aliyeitwa alikagua waya na modemu, akavikuta vizima, akaondoka.

Forodha ilipitia njia ileile, na kwa macho ya watu wengi zaidi, maana hapo foleni ilikuwa ya malori. Programu ya ASYCUDA, ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, iliendeshwa zamani kwa seva za vituo. Toleo lake la baadaye, ambalo Uganda ililichukua katika miaka ya 2010, liliunganisha vituo vyote kwenye mfumo mmoja wa kati. Mwaka 2018 marais Museveni na Kenyatta walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo lori hukaguliwa mara moja tu. Utaratibu huo ulipunguza kusubiri kwa karatasi, lakini umeufanya mfumo wa kompyuta kuwa mlango pekee. Ukilemea, hakuna karani wa upande wa pili wa kupokea mzigo.

Kutafuta penye tatizo kwenye seva kama hizi kuna mpangilio uliozoeleka, na mpangilio huo ni wa kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Kwanza ni kujua kama seva inafanya kazi au inangoja. Katika Linux namba ya mzigo, ile inayoitwa load, tangu mwaka 1993 huhesabu pia programu zilizolala zikisubiri diski. Mzigo wa 30 huku kichakataji kikiwa hakina kazi ni dalili kwamba watu wamejipanga mbele ya diski. Pili ni kumbukumbu. Mashine iliyoishiwa kumbukumbu huanza kuhamishia sehemu yake kwenye diski, na diski hulaumiwa kwa dhambi isiyo yake. Amri ya vmstat huonyesha uhamisho huo mara moja. Wapo mafundi walionunua diski za bei kubwa kutibu ugonjwa ambao gigabaiti chache za kumbukumbu zingeuponya.

Yakishaondolewa hayo, diski yenyewe hukaguliwa, na hapo sababu ni nyingi. Iliyo maarufu kwa kufichika ni betri. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley walichapisha wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja, likaitwa RAID. Mtindo wake wa tano unabana nafasi vizuri, lakini kila andiko dogo hugeuka kuwa matendo manne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. Ili kuficha gharama hiyo, kadi za RAID hupokea maandishi kwenye kumbukumbu yao, hujibu kwamba yamefika, kisha huyapeleka diskini kwa wakati wao, na betri hulinda kumbukumbu hiyo umeme ukikatika. Betri ikichoka, na katika chumba chenye joto huchoka mapema, kadi huacha kujibu mapema na kungoja diski kila mara. Hakuna faili lililobadilika, hakuna programu iliyosasishwa, wala diski haijaharibika, lakini uandishi umekuwa mzito kwa usiku mmoja. Ujumbe wa betri uko ndani ya programu ya kadi, mahali ambapo pasipo tatizo hakuna anayefungua.

Diski inayokufa nayo ina tabia yake. Haianguki kwa kishindo. Hujaribu tena na tena kusoma sehemu mbovu, na kila jaribio ni kungoja, mpaka ombi moja likachukua sekunde nyingi. Wastani wa saa nzima unaweza kubaki mzuri, huku mtumiaji aliyeangukiwa na sehemu hiyo akiona mashine imeganda. Mifumo ya mafaili imekuwa pia na desturi ya kuandika saa ya mwisho faili liliposomwa, kwa hiyo kusoma tu kulizalisha kuandika. Linux iliipunguza desturi hiyo kuwa kawaida yake mwaka 2009. Hata kelele ina madhara. Mwaka 2008 Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa akipiga kelele mbele ya kabati la diski, na chombo chake cha kupimia kikaonyesha muda wa kungoja ukiruka palepale, kwa sababu mtikisiko wa sauti ulisumbua mikono ya kusomea.

Lakini kwa DHIS2 chanzo cha kawaida zaidi hakikuwa kifaa. Programu hii huhifadhi takwimu zake katika PostgreSQL, kila namba mstari wake, kwa mpangilio unaorahisisha kuandika. Kwa ajili ya ripoti na ramani hujenga majedwali mengine yaliyopangwa upya kwa kusoma, na kazi hiyo hufanywa usiku. Kazi ya usiku ikirefuka mpaka asubuhi, kwa sababu data imekua au diski ni ya polepole, hukutana na makarani wanaoanza kuingiza fomu, na pande zote mbili huumia. Fundi anayepima saa nne usiku haoni kitu, anayepima saa tano asubuhi anakuta ujenzi umeisha. Dirisha la ugomvi ni saa mbili tatu za asubuhi, katika siku chache za mwezi. Ndiyo sababu kumbukumbu ya vipimo vya siku zilizopita, ambayo amri ya sar huitunza dakika kumi kumi, imefaa zaidi kuliko kipimo chochote cha papo hapo.

Diski zisizo na sehemu inayosogea, SSD, zilibadilisha hesabu nzima. Kinachochukua milisekunde 12 kwenye chuma kinachozunguka huchukua sehemu ya kumi ya milisekunde, na ile ripoti ya mistari 40,000 iliyotawanyika hushuka kutoka dakika nane hadi sekunde nne hivi. Mwongozo wa kuweka DHIS2 unazipendekeza waziwazi. Pamoja nazo, ile asilimia ya muda wa kazini katika iostat imepoteza sehemu ya maana yake: diski ya zamani yenye mkono mmoja ikiwa kazini asilimia 100 imefika mwisho, ilhali SSD hushughulikia maombi mengi kwa pamoja, na asilimia 100 yake yaweza kuwa bado na nafasi tele. Fundi aliyezoea namba ya zamani huona hatari pasipo na hatari.

Kwenye seva za kukodi kumeongezeka jambo jipya kabisa, kasi inayouzwa kwa kipimo. Diski ya aina ya gp2 ambayo Amazon iliianzisha mwaka 2014 hutoa maombi 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, na huruhusu kuruka hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya maombi milioni 5.4. Diski ya gigabaiti 100 ina haki ya maombi 300. Kazi nzito ikianza, itakwenda kwa 3,000, lakini akiba itakwisha baada ya sekunde 2,000 hivi, dakika 33, na diski itarudi kwenye 300. Kwa mtumiaji ni seva iliyokuwa nyepesi kisha ikageuka nzito bila sababu, na ndani ya seva yenyewe hakuna kumbukumbu inayoeleza kwa nini. Akiba husomwa kwenye ukurasa wa mwenye kukodisha. Wastani hauna msaada hapa. Vyombo vya karibuni vinavyochungulia ndani ya kiini cha Linux, kama biolatency, havitoi wastani. Huyagawa maombi katika mafungu kwa muda yaliyochukua, na katika picha hiyo akiba iliyokwisha huonekana kama nundu ya pili, upande wa mbali wa milisekunde nyingi, ambayo dakika thelathini kabla haikuwapo.